Miamba ya Moto na Chai ya Moto: Uhakiki wa Istilahi Tunazowapa Watoto

Kila wanafunzi wetu wanapotakiwa kuandika kifungu cha ufahamu kwa ajili ya watoto wa shule ya msingi, wachache huchagua hadithi za sungura na fisi. Wengi hukimbilia mada za sayansi na jiografia. Miongoni mwa mada hizo, ile ya aina za miamba inapendwa sana. Sababu yake tunaielewa. Ni mada fupi, imegawanyika katika mafungu matatu yanayojulikana dunia nzima, na maelezo yake yamo tayari katika vitabu vingi vya Kiingereza. Kazi inayobaki, kwa mawazo ya wengi, ni kutafuta maneno matatu ya Kiswahili na kuyapachika mahali pake.

Makala haya yanahakiki maneno hayo matatu pamoja na namna yanavyotumiwa katika vifungu hivyo. Hatutamtaja mwandishi yeyote, kwa kuwa kasoro tunazozijadili zimeenea mno, na kumbebesha mtu mmoja kutakuwa ni uonevu. Jambo lenyewe, hata hivyo, si dogo. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Wanaofunzwa katika idara yetu leo ndio watakaosimama mbele ya watoto hao. Kama mtoto wa Mbale au Mbarara atasoma kwa Kiswahili habari za jiwe alilolikalia jana, kisha asielewe jiwe hilo limetoka wapi, atahitimisha kwamba Kiswahili ni lugha ya salamu, ya sokoni na ya kambini, na kwamba maarifa yana lugha yake nyingine. Wazazi wengi katika nchi hii tayari wanaamini hivyo. Hatuna haja ya kuwaongezea ushahidi.

Jiwe na mwamba

Tuanze na neno lililo katika kichwa cha somo. Karibu vifungu vyote tulivyosoma vinafungua kwa sentensi ya namna moja: "Kuna aina tatu kuu za miamba." Mwalimu akishaisoma, humpa mtoto kokoto mkononi na kumwambia, "Huu ni mwamba." Mtoto hushangaa, na ana haki ya kushangaa. Kwa msemaji wa Kiswahili mwamba ni kitu kikubwa kilichokita, kama ule ambao jahazi hupanda likavunjika, hata tukapata usemi kwamba jambo fulani limekwenda mwamba. Kitu kinachoenea kiganjani ni jiwe. Kikiwa kidogo zaidi ni changarawe, halafu mchanga.

Wataalamu wa jiolojia wanatumia neno moja kwa kitu chote, kikubwa na kidogo, kwa sababu wanatazama kilichomo ndani yake na wala si ukubwa wake. Hiyo ni haki yao. Lakini lugha za watoto wetu zinakubaliana na Kiswahili cha kawaida. Mganda hutofautisha ejjinja na olwazi. Mnyarwanda hutofautisha ibuye na urutare. Mtoto anayetoka katika lugha hizi amekuja darasani na tofauti hiyo kichwani, nasi tunaifuta kwa sentensi moja bila kumweleza chochote. Mji wa Jinja wenyewe umepata jina lake kutokana na mawe yaliyokuwa mtoni mahali Nile inapoanzia safari yake. Mwalimu anayeanzia hapo, akasema kwamba jiwe ni kipande kilichomeguka kutoka katika mwamba na kwamba kipande hubeba tabia za mwamba wake, amekwisha kufundisha nusu ya somo kwa kitenzi kimoja tu: kumeguka.

Moto uko wapi?

Sasa tuje kwenye mafungu yenyewe. Kwa fungu la kwanza tumekutana na majina matatu yanayoshindana: miamba ya moto, miamba ya volkeno na miamba ya mgando. Kwa la pili, miamba mashapo na miamba tabaka. Kwa la tatu, miamba geu na miamba metamofiki, na mara nyingine metamofia. Wingi huu hautushangazi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI, ambayo tangu mwaka 2009 ni TATAKI, ilitolewa mwaka 1990 na kushughulikia sayansi tatu zilizotajwa katika jina lake. Mambo ya miamba hayamo katika hizo tatu. Kwa hiyo mwandishi wetu huokota popote anapopata. Tunachodai ni kwamba aokote kwa kupima. Kipimo chetu ni chepesi: mtoto akilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza, asijue maana yake ya kitaalamu, litamwelekeza kwenye jiwe sahihi au litampoteza?

"Miamba ya moto" inampoteza. Katika Kiswahili, kitu "cha moto" ni kitu chenye joto sasa hivi: chai ya moto, maji ya moto, pasi ya moto. Mwamba wa moto basi ni mwamba usioshikika. Baada ya maana hiyo ya kwanza kuna ya pili, nayo ni ya kitu kilichopitia motoni. Katika somo moja la mazoezi tulilolishuhudia, watoto waliletewa rundo la vitu ili wavigawe. Chini ya "miamba ya moto" waliweka kipande cha tofali la kuchoma, mkaa, na jiwe moja jeusi la jikoni ambalo bila shaka lilikuwa figa. Mwalimu mwanafunzi alivitoa kimoja kimoja akisema, "Hapana." Hakueleza kwa nini, na kwa kweli asingeweza kueleza kwa kutumia neno alilolichagua, maana kwa neno hilo watoto walikuwa wamepatia. Mafiga yamekaa motoni kuliko jiwe lolote. Hata Luganda lina amasiga, na Kinyarwanda amashyiga, mawe yale yale matatu ya kuinjikia chungu. Kama kuna mawe ya moto katika maisha ya mtoto wa eneo hili, ndiyo hayo.

"Miamba ya volkeno" ina kasoro tofauti. Haidanganyi, inapunguza. Jiwe la volkeno ni jiwe la fungu hili kweli, na watoto wa Kisoro wanaoishi chini ya mlima Muhavura wanalijua, kwani kuta na nyua zimejengwa kwa mawe hayo. Wenzao wa Goma wanalijua zaidi. Januari 2002, na tena Mei 2021, zaha ya mlima Nyiragongo iliteremka kuelekea mji wao. Mara ile ya kwanza ilipita katikati ya mji mpaka ziwani Kivu. Leo watu wamejenga juu yake na kwa mawe yake. Kwa mtoto kama huyo hata neno "moto" lisingekuwa fumbo. Lakini mtoto wa Kumi afanyeje? Miamba ya Nyero, yenye michoro ya kale inayotembelewa na watalii, ni ya graniti, ile ambayo Kiswahili huiita pia itale. Graniti haikumwagika kutoka kwenye mlima wowote. Iliganda chini kabisa ardhini, polepole mno, kisha miaka isiyohesabika ikaondoa kilichokuwa juu yake. Tukisema "miamba ya volkeno", mtoto wa Kumi atatafuta volkeno isiyokuwapo, au ataliondoa jiwe la nyumbani kwao katika fungu lake.

Tunalipendekeza jina la tatu, miamba ya mgando. Linatokana na kitenzi ambacho hakuna mtoto asiyekijua. Mafuta ya nyama huganda usiku. Maji huganda yakawa barafu. Nta ya mshumaa huganda juu ya meza. Katika hali zote hizo kitu kilikuwa kioevu, kikapoa, kikawa kigumu. Hilo ndilo lililotokea kwa basalti ya Kisoro na kwa graniti ya Nyero, na ndilo linalozifanya ziwe fungu moja ingawa moja ni nyeusi, ya punje zisizoonekana, na nyingine ina madoa ya rangi mbalimbali kama kunde zilizochanganywa. Moto umekwisha kuondoka. Kilichobaki ni mgando. Tena kitenzi hiki kinamwezesha mwalimu kuuliza swali la maana: liliganda upesi au polepole? Zaha iliyotoka nje hupoa upesi, fuwele zake zisipate nafasi ya kukua. Iliyobaki chini hupoa kwa muda mrefu mno, na fuwele hukua mpaka zikaonekana kwa jicho. Mtoto aliyeshika jiwe mkononi anaweza kusoma historia hiyo mwenyewe.

Pingamizi zipo. Maziwa nayo huganda, na hayakuyeyushwa kwanza wala hayakupoa. Damu vivyo hivyo. Pingamizi kubwa zaidi liko Katwe. Chumvi ya ziwa lile huganda, ndivyo kila mtu asemavyo, na chumvi hiyo kitaalamu ni ya fungu la pili, kwa sababu imebaki baada ya maji kukauka kwa jua. Mwalimu makini atasema "kuganda baada ya kuyeyuka" na kuliacha la Katwe liwe swali la mtoto hodari. Tunaona pia hatari ambayo hatujaona ikitajwa: wanaoeleza fungu la tatu hupenda neno "mgandamizo", na sikio la mtoto halitatenganisha mgando na mgandamizo. Afadhali waseme kubanwa.

Kilichobaki chini ya kikombe

Kwa fungu la pili kazi ni nyepesi. Mashapo ni kile kinachotuama chini ya kikombe cha kahawa, au chini ya kibuyu cha bushera. Mtoto anayetumwa kuteka maji kijitoni anajua kwamba jerikeni ikikaa usiku kucha, asubuhi maji ya juu ni meupe na tope limeshuka chini. Huo ndio mwanzo wa mwamba mashapo: mchanga, tope, magamba ya konokono na viumbe vya majini vimeshuka, vikafunikwa na vingine, vikashindiliwa, vikashikamana. Pwani ya Afrika Mashariki ina mfano bora kuliko wote. Mji Mkongwe wa Unguja umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa yake, na Ngome ya Yesu huko Mombasa, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, imekaa juu ya mwamba huo huo. Mwanafunzi wetu anayekwenda pwani kwa mafunzo ya lugha ataziona kuta zenye alama za viumbe waliokuwa hai baharini. Tunashangaa kwamba wengi hurudi na picha za milango iliyonakshiwa, wala si za ukuta ulioibeba milango hiyo.

Wanaotumia "miamba tabaka" wana hoja, kwa sababu miamba mingi ya aina hii huonekana kwa matabaka. Lakini neno hili linaangalia sura, nayo sura hudanganya. Jiwe la matumbawe mara nyingi halionyeshi tabaka lolote. Na kuna jiwe la fungu la tatu, naisi, lenye mistari myeupe na myeusi iliyonyooka kama kitambaa, ambalo mtoto yeyote mwenye akili ataliweka kwenye "tabaka" kabla mwalimu hajamaliza kuandika ubaoni. Mashapo yanasema jiwe limetokana na nini. Tabaka linasema jiwe linafananaje. Kwa somo ambalo lengo lake lote ni asili ya mawe, chaguo liko wazi.

Geu au geuzwa?

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa sababu suala ni la sarufi na sisi ni idara ya lugha. Miamba ya fungu la tatu ilikuwa ya aina nyingine, ikafukiwa chini sana, ikabanwa na kupata joto kali, ikabadilika bila kuyeyuka. Chokaa ikawa marumaru. Mwamba wa tope ukawa ule wa vibao vya sleti, ambavyo babu zetu waliandikia shuleni. Graniti inaweza kuwa naisi. Jina linalotumika zaidi ni "miamba geu".

Mzizi ni sawa. Umbo lina matatizo. Kivumishi cha namna hii katika Kiswahili huelekea kutaja tabia ya kitu, si jambo lililokipata. Mtu kigeugeu si mtu aliyebadilika mara moja akatulia, bali asiyetulia. Mtoto anayesikia "mwamba geu" anapata picha ya mwamba unaogeuka kila mara, pengine hata sasa hivi anapoutazama. Tumeona kifungu kimoja ambacho mwandishi mwenyewe alinaswa na neno lake, akaandika kwamba miamba hii "hubadilikabadilika kutokana na hali ya hewa", jambo ambalo si kweli hata kidogo. Hali ya hewa humomonyoa miamba ya aina zote. Haiigeuzi kuwa ya fungu la tatu.

Kiswahili kina njia ya kulisema jambo hili bila kuazima chochote. Kuna kugeuka, kuna kugeuza, na kuna kugeuzwa. Kauli ya kutendwa inadai mtendaji: umegeuzwa na nini? Na hilo ndilo swali la somo. Joto na kubanwa. "Miamba iliyogeuzwa" ni jina refu kidogo, na hatutarajii liingie katika kamusi kesho, lakini katika kifungu cha watoto urefu wa silabi nne si hasara. Anayeona ni lazima atumie "geu" kwa kuwa ndilo lililo katika vitabu vya wenzetu, na alitumie, mradi sentensi ya kwanza baada yake iwe na "kugeuzwa".

Kuhusu "metamofiki", hatuna ugomvi nalo kama wengi wanavyodhani. Kwa mtoto wa hapa ambaye atakutana na mada hii tena kwa Kiingereza, neno la mkopo ni daraja. Halimwelezi chochote, lakini pia halimdanganyi, na neno bubu ni afadhali kuliko neno linalopotosha. Linafaa kwa sekondari. Kwa mtoto wa miaka 11 lije mwishoni, likiwa jina la kitu ambacho ameshakielewa.

Mfano wa kuelewesha fungu hili uko kando ya barabara zetu zote. Ni tanuri la matofali. Udongo mbichi ukiingia humo hauyeyuki. Kama ungeyeyuka, mwenye matofali angelia. Unaiva. Unatoka una rangi nyingine, ugumu mwingine, na maji hayaurudishi kuwa tope. Kuiva bila kuyeyuka ndiko kunakotenganisha fungu la tatu na la kwanza, na ni neno la jikoni. Lile tofali walilolileta watoto katika somo tulilolitaja lilikuwa zawadi kwa mwalimu, naye alilitupa pembeni. Tofali si mwamba, limetengenezwa na binadamu. Lakini kama kielelezo cha mwamba uliogeuzwa, hakuna linalolishinda.

Vitabu vya ng'ambo hutumia kalamu za rangi za nta: zinakwanguliwa, unga wake unabanwa uwe mashapo, unapashwa joto na kubanwa tena, mwishoni unayeyushwa na kugandishwa. Ni zoezi zuri kwa darasa la watoto 20 lenye kalamu hizo. Tunawaomba wanafunzi wetu waache kulitafsiri kwa ajili ya darasa la watoto 80 lisilo nazo, hali tanuri linafuka moshi nje ya dirisha.

Neno moja la mtaani lahitaji tahadhari. Marumaru, kwa wasemaji wengi wa Tanzania, siku hizi ni vigae vya sakafuni, vinavyotengenezwa kiwandani. Wetu hapa wanaviita tailizi. Mtoto akisoma kwamba marumaru ni chokaa iliyogeuzwa ardhini, kisha kitabu kingine kikamwambia kwamba fundi amebandika marumaru bafuni, atachanganyikiwa. Marumaru halisi yanachimbwa Moroto, huko Karamoja. Mwalimu alitaje jina la mahali, na tatizo limekwisha.

Mafungu yasiyotosha

Vifungu vingi tulivyosoma vinamwachia mtoto hisia kwamba kila jiwe duniani limeshapangiwa chumba chake. Hali si hivyo, na mifano ya kuthibitisha haiko mbali. Vilele bapa vya vilima vya Kampala vimefunikwa na ule mwamba mwekundu wenye chuma unaochimbwa kwa ajili ya barabara, moramu. Huo umetokana na miamba mingine kuoza papo hapo kwa mvua na joto la miaka mingi, chuma kikabaki. Kuusukumiza katika mojawapo ya mafungu matatu ni kuulazimisha.

Tororo ndiyo inayotufurahisha zaidi. Mwamba unaosimama juu ya mji ule ni mabaki ya volkeno ya kale, na miamba ya eneo hilo imechimbwa kwa ajili ya saruji kama chokaa. Mtoto aliyekariri kwamba chokaa ni mwamba mashapo atasema kwa uhakika kwamba Tororo palikuwa na bahari. Hapakuwa. Ule ni mwamba wa mgando wa aina ya nadra, uitwao kabonatiti, ambao viambato vyake vinafanana na vya chokaa. Ndugu yake aliye hai yuko Tanzania: mlima Oldoinyo Lengai hutoa zaha ya jamii hiyo, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, ambapo zaha ya kawaida ya basalti huzidi 1000. Hutoka ikiwa nyeusi na huweza kugeuka nyeupe baada ya muda mfupi ikikutana na unyevu. Aliyejifunza "miamba ya moto" hana la kufanya na habari hii. Aliyejifunza kuuliza "liliyeyuka likaganda, au lilishuka likashindiliwa?" anaweza kuifuata.

Na upande wa pili wa nchi kuna Rwenzori. Watoto wengi, na walimu kadhaa, huamini kwamba kila mlima mrefu ulitokana na volkeno, kwa kuwa Elgon na Muhavura ni hivyo. Rwenzori, wenye kilele cha mita 5,109, ni bonge la miamba ya kale, sehemu kubwa ikiwa ni iliyogeuzwa, lililoinuliwa na mipasuko ya ardhi. Hatujaona kifungu hata kimoja cha wanafunzi wetu kilichoutumia, japokuwa baadhi yao wamezaliwa Kasese.

Sentensi zilizoinama upande mmoja

Kuhusu lugha ya vifungu kwa jumla, tutasema machache. Sentensi kama "Miamba hii inaundwa wakati ambapo magma inapopozwa" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Magma haipozwi na mtu, inapoa. Na "wakati ambapo" haina kazi pale -po- inapotosha: "magma inapopoa". Neno zaha lipo katika Kiswahili kwa kile kinachomwagika nje. Halina haja ya kuitwa "lava" kila mahali. Maswali ya mwisho nayo ni yale yale: taja, orodhesha, taja tena. Mtoto anaweza kupata alama zote bila kuwahi kuokota jiwe. Tungependa kuona walau swali moja la "umejuaje?".

Tunatoa hapa mfano wa aya inayoweza kusomwa na mtoto wa darasa la sita, waalimu waupime na kuukosoa:

"Chini sana ardhini kuna joto la kuyeyusha mawe. Mawe yaliyoyeyuka yakipanda na kupoa, huganda. Yakigandia juu, huganda upesi, na punje zake huwa ndogo hata jicho lisizione. Yakigandia chini, huganda polepole, na punje hukua mpaka ukazihesabu kwa kidole. Chukua jiwe la nje ya darasa lenu. Je, unaona punje? Kama unaziona, zimeshikana kama zilizokua pamoja, au zimekaa kama mchanga uliobandikwa kwa gundi?"

Swali hilo la mwisho ndilo linalotenganisha graniti na jiwe la mchanga, na limeulizwa bila istilahi hata moja. Majina yanaweza kufuata katika aya ya pili.

Watoto wanaokaa na wazazi wao kando ya barabara wakiponda kokoto kwa nyundo wanajua tayari ni jiwe gani hupasuka kwa bapa, lipi hutoa cheche, na lipi huvunjika kuwa unga usionunuliwa. Katika lugha zao yana majina. Idara ingependa kuyakusanya majina hayo kabla ya kuunda mengine, hasa kutoka Karamoja, Teso, Kigezi na Bugisu ambako hatuna chochote mpaka sasa. Wasomaji wetu, walimu na wanafunzi, wakiwa nyumbani likizoni wayaandike kwenye karatasi: jina, lugha, jiwe lilivyo, na watu wanalitumia kwa kazi gani. Anayeweza kuleta na kipande cha jiwe lenyewe akilete. Kabati iliyo karibu na mlango wa ofisi imeshatengewa kazi hiyo, na rafu zake mbili za chini ni imara.